Syokimau Alituonya, Sisi Tukampa Stesheni

Wasee, tuanze na swali rahisi. Ukiskia jina Syokimau, kitu gani kinakuja kwa akili?

Wengi mtasema stesheni. Wengine mtasema SGR. Kuna wale watasema ploti, nyumba za kupanga, ama foleni ya Mombasa Road. Wiki jana nikiwa kwa treni ya asubuhi niliuliza watu saba waliokuwa karibu nami swali hilo hilo. Wawili tu ndio walijua kwamba Syokimau alikuwa mtu. Mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Kangundo, na aliniangalia kama mtoto aliyeuliza jina la rais wa kwanza.

Syokimau alikuwa mwanamke. Hata jina lenyewe linakwambia: kwa Wakamba, ukiskia Syo mwanzoni mwa jina, Syokau, Syombua, Syomiti, unajua unazungumzia mwanamke. Alikuwa nabii wa Ukambani kabla mzungu hajafika, na jambo anajulikana nalo zaidi ni kwamba aliiona reli kabla haijaja.

Fikiria hapo kidogo. Kuna stesheni ya treni Kenya hii ina jina la mwanamke aliyetabiri treni. Sijui kama kuna nchi nyingine ina bahati kama hiyo. Na sisi tunashuka pale kila siku tukiwa tumeinamia simu, tukikimbilia mat.

Degree sina. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo usitarajie lugha ya profesa. Lakini napanda hiyo treni, na stori ya hiyo stesheni naona tumeisimulia nusu nusu kwa muda mrefu sana. Leo tuisimulie yote.

Nyoka, si ng'ombe

Wakamba wa enzi za Syokimau hawakuandika, walisimulia. Vile susu yangu alinisimulia mimi, Syokimau aliona watu wageni wanakuja kutoka upande wa bahari. Ngozi yao ilikuwa kama nyama mbichi, unaona damu ndani. Wakiongea ni kama ndege, huelewi kitu. Moto walikuwa wanaubeba mfukoni. Halafu akaona nyoka mrefu, kichwa kwa maji ya upande huu na mkia kwa maji ya upande ule, anatema moshi, na ndani ya tumbo lake kuna watu.

Moto wa mfukoni ni kiberiti. Nyoka ni reli, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Ziwa Victoria.

Na si Wakamba peke yao. Wakikuyu wana Mugo wa Kibiro, naye alisema kuhusu nyoka wa chuma. Wanandi wana Kimnyole, orkoiyot aliyewaambia nyoka anayetema moto atapita nchi yao. Watu wake walimuua karibu mwaka wa 1890. Mtoto wake, Koitalel arap Samoei, ndiye aliongoza Wanandi kupigana na Waingereza na reli yao kwa miaka mingi, mpaka alipopigwa risasi na Meinertzhagen Oktoba 1905, wakati walikuwa wamekutana ati kuzungumzia amani.

Najua kuna mtu hapa ameshaanza kuandika kwamba hizi hadithi zilitungwa baada ya reli kufika. Sawa, tuseme ni hivyo. Bado kuna kitu hapo. Jamii tatu, lugha tatu, maeneo matatu, na zote zikachagua mnyama mmoja. Hakuna aliyesema reli ni ng'ombe mkubwa. Hakuna aliyesema ni mto. Walisema nyoka. Kwa mila zetu hakuna mtu huona nyoka akiingia kwa boma akasema maendeleo yamefika.

Kwa hivyo Syokimau hakuwa anatangaza mradi. Alikuwa anaonya. Shikilia hiyo, tutairudia.

Nyoka anapita, Machakos inabaki

Sasa tuje kwa tarehe. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Sisi hupenda kusimulia simba wa Tsavo, lakini wengi waliuawa na magonjwa na ajali, si simba. Tarehe 30 Mei 1899 reli ikafika mahali pa maji baridi Wamaasai walipaita Enkare Nairobi. Ikafika Kisumu Desemba 1901.

Kuna kitu shule haikuniambia vizuri. Kabla ya Nairobi, makao ya Waingereza huku bara yalikuwa Machakos. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo pale 1889, na John Ainsworth akakaa pale akitawala. Machakos ilikuwa na ofisi, soko na njia ya misafara wakati Nairobi ilikuwa bwawa na vyura.

Halafu wahandisi wakachora reli. Machakos iko kwa vilima, na vilima ni gharama. Wakapitisha reli kwa tambarare, Kapiti na Athi, ikaenda zake. Mwaka huo huo wa 1899, Ainsworth akafunga vitu vyake akahamia Nairobi.

Yaani watu wa Syokimau walikuwa na makao makuu, nyoka akapita kando, na makao makuu yakamfuata nyoka. Kila mara ukiskia mtu anacheka Machakos ni ushago, kumbuka ni mstari mmoja kwa ramani uliamua hivyo.

Na haikuwa wakati wa shibe. Miaka hiyo ya mwisho ya 1890 Ukambani kulikuwa na njaa mbaya sana, wazee huiita Ngomanisye. Ugonjwa wa ng'ombe ulikuwa umeshamaliza mifugo mapema kwa muongo huo, ndui nayo ikaingia. Reli ilipita kwa watu ambao walikuwa wanazika. Ukiona picha za zamani za treni ya kwanza, jua kuna hiyo sehemu haikupigwa picha.

Ng'ombe wa 1938

Tambarare hizo za Athi ndizo leo tunaziita Syokimau, Mlolongo, Katani, Athi River. Wakati wa ukoloni hazikuwa mtaa. Zilikuwa ranchi na wanyama pori, na treni ikikata katikati.

Lakini Athi River kulikuwa na stesheni, na mahali kuna stesheni kuna mtu anatafuta faida. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama hapo. Kiwanda kinataka ng'ombe, wengi, na bei rahisi. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ikasema Wakamba wana mifugo mingi kupita kiasi, ati inaharibu udongo, kwa hivyo lazima ipunguzwe. Ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Unganisha hayo mambo mawili mwenyewe.

Wakamba walikataa. Mwaka wa 1938 wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, maelfu waliondoka Ukambani, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi. Walipiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kitu kama hicho serikali haikuwa imezoea. Mwishowe ilirudi nyuma, ikaacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Muindi Mbingu mwenyewe akakamatwa akapelekwa Lamu uhamishoni.

Leo ana barabara katikati ya jiji, tunapita hapo tukienda City Market. Kile kiwanda kikaja kuwa Kenya Meat Commission, na bado kiko Athi River. Nabii ana stesheni, mpiganaji ana barabara. Majina tunawapa haraka sana. Stori zao ndizo tunasahau kuwapa.

Treni inapita, haisimami

Baada ya uhuru reli ilikuwa ya Afrika Mashariki yote mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977. Mwaka uliofuata Kenya ikaunda shirika lake, Kenya Railways. Kutoka hapo ni kushuka polepole. Mabehewa yakazeeka, mizigo ikahamia kwa malori, na Novemba 2006 serikali ikawapa Rift Valley Railways kuendesha reli.

Kwa upande wa Syokimau, malori ndiyo yalijenga mtaa. Mlolongo ilipata jina lake kutokana na ule mlolongo wa malori yakingoja mizani. Watu wakaanza kuuza chakula, kukodisha vyumba, kufungua baa. Miaka ya 2000 watu wa mshahara wa kati wakachoka na kodi ya Nairobi, wakaja kununua ploti Syokimau. Ukiwa mwalimu, nesi ama karani, hapo ndipo ungeweza kujenga na bado ufike kazini asubuhi. Kama Mombasa Road ingekubali.

Na muda wote huo treni ilikuwa inapita hapo hapo. Inapita tu. Watu walikaa karibu na reli zaidi ya miaka mia moja na haikuwa inawasimamia.

Novemba mbili

Hii sehemu ndiyo inaniuma.

Novemba 2011, matingatinga yaliingia Syokimau. Nyumba za watu, nyingine za ghorofa, zikabomolewa kwa sababu ilisemekana ardhi ni ya uwanja wa ndege. Watu walikuwa na makaratasi mkononi. Walikuwa wamenunua, wakajenga, wakaunganishiwa stima. Taifa zima liliona kwa TV mama amekaa juu ya kochi lake nje, nyumba iko chini nyuma yake.

Novemba 2012, mwaka mmoja baadaye, Rais Mwai Kibaki alikuja akafungua stesheni ya Syokimau. Ilisifiwa kama stesheni mpya ya kwanza kujengwa Kenya tangu uhuru. Safi, kubwa, na mahali pa kuegesha magari mengi. Wazo lilikuwa wenye magari wayaache pale, wapande treni mpaka mjini, Mombasa Road ipumue.

Mimi sisemi stesheni ilijengwa juu ya zile nyumba. Ni mambo mawili tofauti na ofisi tofauti. Ninachosema ni kwamba ukiwa mtu wa Syokimau, serikali ilikutembelea mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili. Mara ya kwanza ilikuja na tingatinga, mara ya pili na utepe wa kukata. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa huyu ameletewa nyoka mwenyewe, amepakwa rangi mpya, na anaambiwa apige makofi.

Hata hivyo, niseme ukweli wote. Watu walipiga makofi, na mimi ningepiga pia. Kwa sababu siku hiyo kitu kikubwa kilitokea ambacho hakikuwa kimetokea tangu 1899. Nyoka alisimama. Treni ilisimama Syokimau ikachukua mtu wa Syokimau ikampeleka kazini kwake. Ukiuliza mtu aliyekuwa anaamka saa kumi alfajiri kushinda foleni, atakwambia hiyo si siasa, ni kulala saa moja zaidi.

Nyoka wa pili

Halafu 2017 ikafika. Tarehe 31 Mei, Uhuru Kenyatta akazindua Madaraka Express kutoka Mombasa. Hesabu mwenyewe: ni miaka 118 na siku moja tangu reli ya kwanza ifike Nairobi. Kilomita 472, takriban shilingi bilioni 327, asilimia 90 ikiwa mkopo wa China. Na treni hiyo ya "Nairobi" inaishia wapi? Syokimau. Stesheni inaitwa Nairobi Terminus, lakini kila mtu anayeburuta sanduku pale saa mbili usiku anajua yuko Syokimau na mjini bado ni mbali.

Mwaka wa 2020 zikaletwa treni ndogo zilizotumika Hispania, kumi na moja, kubeba abiria wa Nairobi na kuunganisha mjini na SGR. Mwaka wa 2022 Expressway ikafunguliwa kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, ukilipa unapita juu. Kwa hivyo leo hii Syokimau ina reli ya mzungu, reli ya Mchina, barabara ya kulipia, na ndege juu ya kichwa. Nairobi nzima hakuna mtaa umezungukwa na usafiri kama huo.

Na bado ukitoka nyumbani mvua ikinyesha unabeba viatu kwa karatasi.

Treni yenyewe je? Safari nyingi zimepangwa kufuata saa za ofisi na saa za Madaraka Express. Asubuhi kwenda mjini, jioni kurudi. Kama una kazi ya kuingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, stesheni ni yako. Kama wewe ni mgeni wa Mombasa, ni yako. Lakini mama mboga anayeenda Marikiti usiku wa manane, soldier anayemaliza zamu saa sita mchana, kijana kama mimi mwenye kibarua cha kurekodi harusi leo na mazishi kesho saa zisizojulikana, sisi tunarudi kwa mat. Na mat ikijua huna njia nyingine, mvua ikianza tu nauli inapanda.

Madaraka Express ilianza na nauli ya shilingi 700. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Mtu wa kawaida ambaye alienda kuona bahari mara ya kwanza kwa sababu ya ile 700, sasa anaona tena picha tu.

Kwa hivyo ukiniuliza historia ya hii stesheni ni nini, nitakwambia ni historia ya swali moja. Si kama treni itakuja. Treni hukuja, Syokimau alisema na ikaja, halafu ikaja tena. Swali ni itasimama wapi, na itamsimamia nani. Mwaka wa 1899 ilipita mbali na Machakos. Mwaka wa 1938 ilikuwa inangoja ng'ombe. Mwaka wa 2012 ilisimamia mwenye gari na mwenye kazi ya ofisi. Mwaka wa 2017 ilisimamia msafiri na kontena. Kila wakati imekuwa inasogea karibu kidogo na mtu wa kawaida, lakini kila wakati ramani inachorwa kwanza, huyo mtu anaulizwa baadaye. Kama anaulizwa.

Kwa nini jina ni muhimu

Kuna rafiki yangu alisoma rasimu ya hii kitu akaniambia, "Buda, ni jina tu. Westlands haina nabii na watu wanaishi poa."

Nimeelewa. Lakini jina likikaa bila stori linakuwa bango. Na bango unaweza kulitundika popote. Tumemchukua mwanamke aliyesema "chungeni, kitu kinakuja kitameza watu," tukaweka jina lake kwa mlango wa hicho kitu, halafu tukanyamaza. Mtoto anayekua Syokimau leo atafikiri jina limetokana na stesheni. Ataona reli ni zawadi tu, na mtu hafanyi maswali kwa zawadi.

Lakini mtoto akijua kwamba hapo alipo, mwanamke mmoja aliiona reli mapema akaita watu akawaambia, na kwamba maelfu wengine walitembea mpaka Kariokor kudai ng'ombe wao na wakarudishiwa heshima yao, huyo mtoto atakua tofauti. Siku mtu wa kandarasi atakuja na kofia ngumu na kigingi chekundu kwa shamba la mama yake, hatapiga makofi kwanza. Atauliza.

Ndiyo maana ninaomba vitu viwili tu. Ratiba ya treni iangaliwe upya, iwe na safari za mchana na za usiku, kwa sababu mji wetu haufanyi kazi saa za ofisi peke yake. Na pale tunaposimama kungoja treni, stori ya Syokimau iandikwe kubwa, Kikamba juu, Kiswahili chini, yote, hata ile sehemu ya onyo.

Wakati tunangoja hiyo, nitaanza mimi. Kama susu yako ama umau wako aliwahi kukusimulia habari za Syokimau, niandikie vile alisema, kwa lugha aliyotumia, hata kama ni sentensi mbili na hata kama haifanani na ya susu yangu. Sema tu ni ya upande gani, Iveti, Mbooni, Kitui, popote. Nitazikusanya zote nizirekodi kwa sauti, na nitazisambaza kwa watu wa treni ya asubuhi. Dakika za kutoka Syokimau mpaka mjini zinatosha kuskia moja.